Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anapozidiwa na Sauti, Mwanga na Mguso

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wazazi na walimu wa watoto wenye usonji (kwa Kiingereza autism), na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini mtoto huyu analipuka mahali ambapo wenzake hawaoni neno? Tumezipeleka kwa jopo letu, yaani mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku), mwalimu wa elimu maalumu na daktari wa watoto, nao wamejibu kwa pamoja. Barua tumezifupisha.

Kwanza maelezo kidogo. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Wataalamu wanaongeza mitatu: mlango wa mizani ulio ndani ya sikio, unaoujulisha mwili kama umesimama au umeinama; mlango wa misuli na viungo, unaokujulisha mkono wako ulipo hata ukifumba macho; na mlango wa ndani ya mwili, unaoleta habari za njaa, kiu, haja na moyo kwenda mbio. Watu wengi, wakikaa chini ya feni, baada ya dakika chache hawaisikii tena. Ubongo umeshaiweka kando. Mtoto mwenye usonji mara nyingi huisikia feni hiyo dakika ya kwanza na dakika ya arobaini sawasawa, pamoja na redio ya jirani, harufu ya vitunguu jikoni na lebo inayomkwaruza shingoni. Daktari Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 huko Marekani juu ya watoto 11 wenye hali hii, alitaja jinsi walivyoogopa sauti na mashine. Hata hivyo ilichukua miaka 70, hadi 2013, kwa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kuliweka suala la hisi miongoni mwa dalili rasmi za usonji. Kwa hiyo msijilaumu mliochelewa kulielewa.

Deko au kuzidiwa?

*Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Tukifika sokoni anapiga kelele, anajitupa chini, ananing'ata. Watu wananiambia nimemdekeza, nimchape. Nitajuaje kama ni deko au ni huo usonji?*
Mama, Mbagala

Mama, pole. Macho ya watu nayo ni mzigo.

Deko lina watazamaji. Mtoto anayedeka hulia huku anakuchungulia, ukiondoka anakufuata, akipewa alichokitaka machozi yanakauka hapo hapo, na hata akijitupa chini huangalia asiumie. Aliyezidiwa hakuangalii. Ukimpa pipi anaitupa. Anaweza kugonga kichwa sakafuni bila kujali. Kilichomkera kikishaondoka, mwili wake bado unaweza kuchukua dakika 20 au zaidi kutulia, siku nyingine saa kadhaa, na akitulia hulala au huomba maji kama mtu aliyetoka kulima. Wapo pia wasiopiga kelele kabisa. Hao huzimika: hawajibu wakiitwa, wanajikunja, macho yanatazama sehemu moja. Wageni huwasifu kwa utulivu, kumbe wamezidiwa vilevile.

Mara nyingine mambo mawili huchanganyika. Amenyimwa biskuti, akalia, kisha kilio chake mwenyewe kikamzidi. Ukiwa na shaka, mtendee kama aliyezidiwa. Ukimfanyia upole mtoto aliyekuwa anadeka, hasara yake ni ndogo. Ukimchapa aliyezidiwa, umeongeza mguso mkali juu ya mwili ulioshindwa kubeba miguso na sauti zilizokuwepo, na sokoni hatataka tena kupaona.

Pale pale sokoni, punguza maneno kwanza. "Tunatoka. Mama yupo." Halafu nyamaza. Maswali ya "una nini?" na "unataka nini?" ni sauti nyingine juu ya sauti. Usimlazimishe akutazame machoni. Chuchumaa ubavuni pake badala ya kumkabili mbele. Msogeze kwenye kona yenye ukuta: nyuma ya kibanda, au ndani ya bajaji iliyozimwa injini. Kama anagonga kichwa, kunja kanga uiweke kati ya kichwa na sakafu. Usikikamate kichwa chenyewe, kwa sababu akipambana na mkono wako atagonga kwa nguvu zaidi. Usimguse kwa kumshtukiza. Ukimgusa, tumia kiganja kizima, kizito, kilichotulia begani au mgongoni. Mguso mwepesi wa kumpapasa, ambao kwa mtoto mwingine ni bembelezo, kwake huweza kuwa kama mdudu anayetambaa. Akijivuta, mwache. Na mtu mmoja miongoni mwa waliokusanyika mpe kazi: "Kaka, nisaidie kuwaondoa watu, mtoto anaumizwa na kelele." Watu wengi husaidia wakiambiwa la kufanya.

Kazi kubwa zaidi iko nyumbani, kwenye daftari. Kwa wiki mbili, kila akizidiwa, andika saa, mahali, na mambo yote ya saa mbili zilizotangulia: alilala saa ngapi usiku, alikula nini, alipanda gari gani, kulikuwa na joto, kulikuwa na muziki. Kosa linalofanyika sana ni kuandika jambo la mwisho tu. Mzazi anaandika, "alilia kwa sababu nilimnyima soda," wakati kibaba kilianza kujaa asubuhi: sweta mpya, daladala yenye muziki, jua la saa sita, harufu ya samaki, ndipo soda. Haba na haba. Wiki mbili zikiisha utaona jambo mojawapo linarudi karibu kila ukurasa, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza. Kama ni daladala, nendeni sokoni saa moja asubuhi siku ya kazi, mkae siti ya mbele mbali na spika, na mrudi baada ya dakika 15 hata kama mambo yanakwenda vizuri. Hasa kama yanakwenda vizuri. Safari iliyoisha kabla hajachoka ndiyo itakayomfanya akubali ya kesho.

Mvua juu ya bati

*Sisi tuko Bukoba, mvua hatupumziki nayo. Ikinyesha usiku mtoto anaingia uvunguni na kulia hadi ikatike. Nimebandika trei za mayai ukutani, hazijasaidia.*
Baba wa mtoto wa miaka 4

Trei za mayai zitoe, ndugu. Sauti huzuiwa na kitu kizito. Kitu laini hupunguza mwangwi tu, na trei ni nyepesi mno kuweza lolote kati ya hayo mawili kwa mvua ya bati. Tena zinashika moto upesi.

Kelele inatoka juu, kwa hiyo fedha iende juu. Bati tupu bila dari ni kama ngoma. Kama huwezi kuweka dari nyumba nzima, weka chumba kimoja anacholala mtoto. Jipsamu au bodi nzito ya dari inafaa zaidi kuliko pilaiwudi nyembamba, na ikaziwe vizuri kwenye fremu, kwa kuwa bodi iliyolegea nayo hutetemeka. Ziba mianya kati ya dari na ukuta. Sauti hupita kwenye upenyo kama maji. Mwambie fundi akague misumari ya bati pia. Bati lililolegea hupiga kwa upepo hata kama mvua ni ndogo.

Kabla dari haijapatikana, huo uvungu alioingia mwenyewe ni jibu zuri la mtoto. Usimtoe. Utengeneze: godoro dogo chini, kitenge kizito kuning'inia pembeni, mto, tochi ndogo anayoiwasha na kuizima mwenyewe. Nafasi ya mita moja kwa mita moja yatosha. Sheria yake ni moja, mahali hapo pasiwe pa adhabu kamwe. Siku utakayomwambia "nenda uvunguni, umekosa," utakuwa umempokonya.

Vipo pia vifunika masikio vya mafundi, vile vya vikombe viwili na utepe juu ya kichwa. Tafuta vya watoto vinavyopunguza desibeli 20 hadi 27. Tarakimu huandikwa kwenye boksi. Vinafanya kazi pale tu mto wa kikombe unapogusa ngozi pande zote, kwa hiyo miwani, misuko minene au mtandio uliopita chini ya kikombe hupunguza nguvu yake. Mzoeze siku ya jua, dakika mbili mbili, huku anafanya jambo alipendalo. Ukimvalisha mara ya kwanza radi ikipiga, atavihesabu kuwa sehemu ya radi. Wingu likitanda, mwonyeshe, mvalishe kabla tone la kwanza halijaanguka. Mvua ikikatika, avue. Mtoto anayevivaa kutwa nzima, masikio huzoea ukimya na sauti ya kawaida ya sahani huanza kumwumiza. Pamba usimwekee, haizuii kitu cha maana na vipande hubaki ndani. Vizibo vya sponji navyo kwa mtoto wa miaka 4 ni hatari, anaweza kuvimeza.

Kwa kinyozi

*Kijana wetu ana miaka 7. Kumnyoa ni watu wazima watatu kumshika. Tunafanya mara moja kwa miezi mitatu na kila mara inakuwa mbaya zaidi.*
Wazazi, Nakuru

Inakuwa mbaya zaidi kwa sababu mnamshika. Kila mara mwili wake unajifunza kwamba mashine ikilia, watu watatu wanakuja. Wazeni kilichomo katika kunyolewa kwa dakika kumi: mashine inatetemesha fuvu, na mtetemo huo huingia sikioni kupitia mfupa, kwa hiyo hata akiziba masikio bado anausikia. Nywele zinaanguka shingoni na kuchoma. Shuka la nailoni linamfunga koo. Mgeni anamgeuza kichwa. Mwishoni spiriti inamwunguza ngozi. Hapo hatujataja redio.

Tengeni wiki tatu, na kazi ifanyike nyumbani, nje kivulini ambako sauti haina ukuta wa kurudia. Siku za kwanza nne, mashine ikiwa imezimwa, aishike, aiweke shavuni, aiweke kichwani kwa baba. Asipotaka kuishika, iwe mezani tu anapokula. Siku zinazofuata mtu aiwashe akiwa umbali wa mita tatu kwa sekunde kumi, akihesabu kwa sauti, moja hadi kumi, na akifika kumi aizime kweli. Hapa ndipo wengi huharibu: mtoto ametulia, mzazi anaona bahati imemwangukia, anaendelea hadi thelathini. Hesabu ikidanganya mara moja, mnaanza upya. Kila siku sogeeni nusu mita. Ikifika mkononi mwake, aiguse mgongo wake usio na meno ikiwa inatetema. Kisha begani. Kisha kisogoni, meno yakiwa bado yamefunikwa.

Siku ya kunyoa yenyewe, pakeni mashine mafuta matone mawili na mfunge kitana namba 3, wembe usiguse ngozi. Mashine kavu huvuta nywele, na huo uchungu mtoto haukosei. Anzeni katikati ya kichwa kwa nyuma, masikio yawe ya mwisho. Nyoeni kwa kuhesabu kumi, mzime, apumue, muendelee. Kila baada ya dakika mbili gusa meno ya mashine kwa kidole chako. Yakipata joto, subirini yapoe. Shingoni mzungushie taulo la pamba lililozoeleka, na kando muwe na brashi laini au fulana safi ya kubadilisha papo hapo. Spiriti iacheni, osheni kichwa kwa maji ya uvuguvugu. Kama mmefika nusu na dalili zimeanza, kama vile mabega kupanda, kurudia neno moja au kutokwa jasho, simamisheni. Kichwa kilichonyolewa nusu kitamaliziwa kesho. Aibu yake ni ya siku moja.

Na kama shule ndiyo inayodai upara, nendeni kwa mwalimu mkuu na cheti cha daktari, mwombe mtoto aruhusiwe nywele fupi za mkasi. Ombi hili ni la haki kabisa.

Darasa la wanafunzi 87

*Nina mtoto mmoja mwenye usonji darasa la pili. Sina msaidizi, sina chumba cha ziada. Kengele ikigongwa anakimbia hadi barabarani. Nifanyeje kwa hali yangu halisi?*
Mwalimu, Tabora

Mwalimu, tutajibu kwa kile ulicho nacho.

Anza na barabara, maana ndiyo inayoweza kumuua. Dakika mbili kabla ya kengele, mpe kazi ya kupeleka daftari upande wa shule ulio mbali na geti, na umteue mwanafunzi mkubwa mmoja mtulivu wa kutembea naye. Ambaye tayari anatembea na kuelekea mahali hana haja ya kukimbia. Halafu zungumza na anayegonga kengele. Shule nyingi zinatumia rimu ya gari na nondo. Chuma kwa chuma hutoa sauti kali inayopasua. Mkigonga kwa rungu la mti, au nondo ikifungwa mpira wa tairi kwenye ncha, rimu italia kwa sauti nzito zaidi na shule nzima bado itasikia. Kama inaning'inia dirishani pa darasa lako, ihamishwe.

Kiti chake kiwe mwisho wa dawati, ukuta ukiwa nyuma au ubavuni, ili pasiwe na mtu wa kumgusa kwa ghafla kutoka nyuma. Asikae usawa wa mlango unaoelekea uwanjani. Kama darasa lina taa za tyubu za zamani zenye choki, sikiliza kama zinavuma. Kwa umeme wetu wa 50 hezi, tyubu hizo humeta mara 100 kwa sekunde. Wengi hatuoni, ila mtoto wa namna hii anaweza kuumwa kichwa kwazo. Mchana zizime, mwanga wa dirisha unatosha. Tyubu iliyoanza kupepesa ncha ibadilishwe wiki hiyo hiyo.

Mstarini asubuhi, asimame mwisho wa mstari karibu nawe, au aingie darasani moja kwa moja. Kwenye foleni ya uji awe wa kwanza au wa mwisho kabisa. Katikati anasukumwa pande mbili.

Kata kadi moja ya boksi, ipake rangi anayoipenda, imaanishe "natoka kidogo." Akiiweka mezani kwako, anatoka dakika tano hadi mahali mlipokubaliana, chini ya mwembe mnaouona wote, kisha anarudi. Wiki ya kwanza mfanyishe zoezi hilo akiwa mzima, mara mbili kwa siku, ili mkono uizoee kadi. Watoto wengine wakidai kadi zao, waeleze kwa ufupi kwamba masikio ya mwenzao yanaumia haraka. Wa darasa la pili wanaelewa kuliko tunavyodhani. Kadi hufa kwa namna moja: mwalimu wa zamu asiyejua habari anamwambia "kaa chini." Kwa hiyo wajulishe walimu wote siku moja kabla ya kuianzisha.

Nguzo ya mwisho ni kazi ya nguvu. Misuli inaposukuma na kubeba, watoto wengi wa aina hii hutulia. Dakika tano hadi kumi kabla ya somo gumu, abebe ndoo ya kumwagilia bustani yenye lita 2 kama ana kilo 20 (yaani isizidi sehemu ya kumi ya uzito wake), asogeze madawati, akusanye vitabu. Nyumbani wazazi waendeleze: kukanda unga, kukamua nguo, kukuna nazi. Kutwanga pia ni kazi njema ya misuli, ila kinu kina mshindo, mwangalie kwanza. Na tafadhali, mapumziko yasiwe kitu cha kumnyima akikosea. Ndiyo dakika pekee anazopunguza alichobeba.

Fukizo

*Mjukuu wangu nimemfukiza buhuri siku saba kwa nia njema, kila siku analia zaidi. Watu wanasema ndio majini wanapinga.*
Bibi, Unguja

Bibi, shikamoo. Nia yako tunaiona na mjukuu ana bahati ya kuwa nawe. Lakini kilio chake kinatokana na moshi. Mtoto anayesikia harufu ya sabuni kutoka chumba cha pili, ukimfunika shuka juu ya chetezo unampa moshi, joto, giza na kitambaa usoni kwa mara moja. Kilio kinachozidi kila siku ni mwili unaosema "siwezi." Makaa yakiungua ndani ya shuka au chumba kilichofungwa hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu, na hiyo huua hata mtu mzima.

Ukitaka kumsomea, msomee. Sauti ya chini, mfululizo, ile ile kila jioni, watoto wengi wenye usonji hutulia nayo. Udi wa nyumba uchomwe akiwa nje, madirisha yafunguliwe nusu saa kabla hajarudi, na mkeka wake wa kulalia usifukizwe. Hospitali nayo usiiache.

Blanketi zito

*Nimeona matangazo ya blanketi zito la watoto wenye usonji. Ni ghali sana. Ninunue?*
Msomaji, Arusha

Kwa ajili ya usingizi, hapana. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014 ulilinganisha blanketi zito na la kawaida kwa watoto wenye usonji, na watoto hawakulala zaidi, ingawa wengi walilipenda. Hatari yake ni mtoto kushindwa kujifunua.

Anayetulizwa na uzito mshonee mfuko wa mapajani, autumie akiwa ameketi na macho yako yakimwona. Chukua kitambaa imara cha khaki, sentimita 40 kwa 25, ukishone mara mbili pembeni, ukigawe vyumba sita kwa mshono, na katika kila chumba utie mchele mkavu gramu 200. Jumla ni kilo 1.2, yafaa kwa mtoto wa kilo 20. Bila vyumba, mchele wote unajikusanya upande mmoja na mfuko unadondoka. Dakika 10 hadi 15, kisha uondolewe. Usiwekwe kifuani, shingoni wala usoni. Uanike juani kila wiki, maana fukusi hawachelewi, na ukilowa utupe mchele wote. Kwa mtoto anayetafuna nguo mfuko huu haufai, atautoboa.

Asiyesikia maumivu

*Binti yetu wa miaka 8 anaziba masikio kwa blenda, lakini juzi aliunguza mkono kwa jiko la mkaa na hakulia. Inawezekanaje? Na wiki mbili hizi amebadilika, anapiga kichwa upande wa kulia, halali. Shangazi yake anampa dawa ya mafua inayoleta usingizi.*
Baba, Tanga

Inawezekana, na ni kawaida. Mlango mmoja wa fahamu unaweza kuwa wazi kupita kiasi na mwingine ukafunguka kidogo tu, kwa mtoto yule yule. Asiyesikia maumivu upesi anahitaji macho yenu: mkagueni mwili kila jioni anapooga, nyayo, vidole, mdomo, nyuma ya masikio. Maji ya kuoga yajaribiwe na mtu mzima kwa kiwiko. Jiko liinuliwe au lizungushiwe kizuizi cha matofali. Wengi wao hawahisi kiu na haja pia, kwa hiyo wekeni maji na choo kwa saa, kila saa mbili, bila kusubiri aombe. Unguzo la juzi lipelekeni zahanati hata kama halimsumbui.

Hayo mabadiliko ya wiki mbili ni jambo jingine, na ni la haraka. Mtoto anayebadilika ghafla tumwangalie kama mgonjwa kwanza. Kupiga kichwa upande mmoja kunatufanya tufikirie sikio lenye usaha au jino. Daktari aangalie masikio yote mawili, meno, koo, tumbo kama amefunga choo, na awaulize kama kuna nyakati anakodoa macho sekunde chache bila kuitika, kwa kuwa kifafa huwapata watoto wenye usonji mara nyingi kuliko wengine. Mwambieni mapema kwamba mtoto haonyeshi maumivu kwa kulia. Akimsubiri alie, atakosea.

Dawa ya mafua isitishwe leo. Haitibu kinachomsumbua, inaficha dalili, na kwa baadhi ya watoto hufanya kinyume, wakachangamka usiku kucha. Zipo za kundi hilo, kama promethazini, ambazo kwa walio chini ya miaka 2 haziruhusiwi kabisa kwa sababu zinaweza kuzuia pumzi. Mwambieni shangazi kwa upole. Alikuwa anatafuta usingizi wa nyumba nzima.

Sare mpya

*Shule inafunguliwa wiki ijayo. Kila mwaka sare mpya ni vita.*
Mama, Kisumu

Mama, anza leo. Fua sare mara tatu kabla hajaivaa, usiitie wanga, usibadilishe sabuni aliyoizoea. Lebo zifumue kwa wembe kwenye mshono. Ukizikata kwa mkasi, kisiki kinachobaki kinachoma kuliko lebo nzima. Chini ya shati avae fulana ya pamba ya zamani. Sweta liwe kubwa kwa saizi moja, asilazimishwe kulivaa kukiwa na jua. Soksi azivae nje ndani, ule mshono wa vidoleni ukae nje ya mguu. Ndani ya kiatu hakuna atakayeuona.